Mama Ngiri na Maotea ya Ngano

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi mlio karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi kaeni vizuri. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama sisi, palikuwa na kilima kirefu chenye baridi. Asubuhi ukungu, mchana jua, jioni ukungu tena. Juu penye mawe aliishi Baba Pimbi na watoto wake wengi. Kanga aliishi popote, maana Kanga hatulii. Na chini kidogo aliishi Mama Ngiri, peke yake.

Hakuwa peke yake siku zote. Alikuwa na mume. Mumewe alipanda ngano, ikaota, ikapendeza. Kabla haijatoa masuke, akaugua, akafa. Mama Ngiri aliivuna ngano ile mwenyewe. Fyeka, fyeka, huku analia. Mvua ilikuwa imekaribia, akafanya haraka. Punje zikadondoka, pukupuku, pukupuku, zikaingia kwenye udongo.

Sasa, kilima kile kilikuwa na desturi yake. Mwaka huu ngano, mwaka ujao maharage, mwaka wa tatu ngano tena. Ngano hula rutuba, maharage huirudisha. Kila mkulima alilijua hilo, na Mama Ngiri alilijua. Mwaka uliofuata akapanda maharage.

Mvua ikanyesha. Maharage yakaota. Lakini katikati ya maharage yakachomoza majani membamba. Hapa moja, pale moja, kule kichaka kizima. Ilikuwa ngano, nayo haikupandwa na mtu. Ndiyo tunayoiita maotea, mimea inayojiotea yenyewe kutoka kwenye punje zilizodondoka.

Mama Ngiri alipoyaona, moyo ulimruka. Akapiga magoti, kama ngiri wapigavyo wanapokula, akayanusa. Yalinukia kama mwaka ule. Akajiambia, hii ni kazi ya mume wangu, bado inaendelea.

Basi akawa anapalilia hivi: magugu mengine anang'oa, maotea anaruka. Anang'oa, anaruka. Anang'oa, anaruka.

Baba Pimbi alipita siku moja akamkuta. Akamwambia kwa upole kwamba ngano ikiwa katikati ya maharage nayo ni gugu, tena ni gugu lenye njaa.

Mama Ngiri akainua kichwa. Akasema, "Baba Pimbi, mkono ulioipanda haupo tena. Wewe ungeing'oa?"

Baba Pimbi akaaga, akaenda zake, na neno la gugu hakulirudia.

Maharage yakasongwa. Ngano ikanyonya maji yao, ikayaziba jua. Wakati wa mavuno, Mama Ngiri alipata maharage machache, hayakufika hata nusu ya ghala. Akavumilia. Maotea nayo yakatoa masuke membamba, hakuyavuna. Aliyaacha yasimame, yapukutike, yaote tena. Kiangazi kikaja. Kilima kizima kikawa kikavu na kitupu, isipokuwa shamba la Mama Ngiri, ambalo lilikuwa na bonde la chini lenye unyevu. Hapo ngano ilibaki mbichi, na juu ya majani yake pakatokea vumbi la rangi ya chungwa. Mama Ngiri aliliona. Akadhani ni vumbi tu.

Mwaka wa ngano ukarudi. Wote wakapanda. Ngano ikaota, ikafika magotini. Upepo ukavuma kutoka bondeni, fyuu, ukapanda juu ya kilima. Fyuu, siku baada ya siku. Majani yakaanza kuwa na madoa ya chungwa. Kwanza kwa Mama Ngiri, kisha kwa majirani, mwisho juu kabisa kwa Baba Pimbi. Mashina yakadhoofika. Walipovuna na kupepeta, punje zilikuwa zimesinyaa, nyepesi kama mbawa za kumbikumbi. Zikapeperuka pamoja na makapi.

Njaa ikaingia kwa Baba Pimbi. Asubuhi Mama Ngiri alisikia watoto wakilia kule kwenye mawe. Mchana akawasikia tena.

Kanga akaja nyumbani kwake, akamwomba watembee pamoja. Wakaanza juu, mashambani kwa Baba Pimbi, wakashuka. Juu, kwenye mabua yaliyobaki, madoa yalikuwa machache. Katikati yaliongezeka. Walipofika bondeni kwenye maotea, miguu ya Kanga ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa mpaka magotini.

"Hii ni kutu, ugonjwa wa ngano," Kanga akasema. "Inaishi kwenye ngano iliyo hai. Kiangazi sisi wengine tuliikosesha chakula, mwenzangu. Wewe uliilisha."

Mama Ngiri alitazama miguu ile. Alitaka kusema kwamba Kanga ndiye aliyeibeba, kwa sababu Kanga hutembea kila shamba. Neno likafika mdomoni, akalimeza. Aliijua kweli alipoiona.

Hakurudi nyumbani. Alipanda moja kwa moja hadi kwenye mawe, akamkuta Baba Pimbi anagawa mizizi kwa watoto.

"Baba Pimbi," akasema, "njaa iliyo nyumbani kwako imetoka shambani kwangu. Nimekuja nikwambie kwa kinywa changu."

Baba Pimbi akaiweka mizizi chini. Kisha akasema, "Nilihofia hivyo tangu kiangazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kila unapopalilia. Nilikuonea huruma. Sasa watoto wangu wanalipia huruma yangu."

Wakatazamana. Mama Ngiri akashuka, akachota maharage aliyokuwa nayo, akayapandisha kwa watoto wale.

Mvua za kwanza ziliponyesha, hakukimbilia kupanda. Aliacha kila punje iliyolala ardhini iote kwanza. Shamba likawa kijani. Ndipo akaingia na pembe zake. Ng'oa! Pindua! Ng'oa! Pindua! Baba Pimbi akashuka na watoto kusaidia. Kanga akafuata nyuma akidonoa punje zilizobaki, do, do, do. Pembeni mwa bonde likabaki shina moja. Wenzake wakasimama, wakamwachia. Mama Ngiri akapiga magoti, akalishika kwa meno, akalivuta. Machozi yalimtoka, lakini hakulirudisha ardhini.

Ndipo akapanda maharage. Yakazaa sana. Kiangazi kile hapakuwa na jani hata moja la ngano kilimani, na kutu ikafa njaa. Mwaka wa ngano ulipofika, Kanga alileta mbegu kutoka ng'ambo ya mto, wakapanda, na masuke yakainama kwa uzito.

Walipomaliza kuvuna, Mama Ngiri alipika mkate, akawaita watoto wa Pimbi. Mdogo wao akamuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Mama Ngiri akafikiri, akatabasamu. Akawaambia alikuwa mvivu wa kuamka, na kwamba alikoroma mpaka mawe yanatikisika. Watoto wakacheka. Naye akacheka nao.

Enyi wakubwa na wadogo, funzo lake ni hili: yang'oe maotea mapema, yangali machanga, maana kilichojiotea shambani kwako kinaweza kuwatia njaa majirani zako. Nawe ukiliona kosa la jirani, mwambie. Huruma inayonyamaza haimsaidii.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa shamba, nami naweka jembe chini.