Funda Moja la Chemchemi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali maana kamera zilikwisha kufika hata vijijini, watu wa kijiji kimoja cha milimani walikunywa maji ya chemchemi moja. Chemchemi hiyo ilikuwa na wimbo wake. Na wimbo huo hauimbwi ovyo, aka! Huimbwa maji yakikauka tu, na ukianzwa lazima umalizwe. Ukikatika njiani, waliosimama pale hawarudi nyumbani.

Aliyeujua ni Bi Nakiete peke yake, kikongwe asiye na mtoto. Wanakijiji walikuwa na kikundi chao, wakirekodi mambo ya mababu kwa mikono yao wenyewe: ufinyanzi, ngoma, matambiko. Ukabaki wimbo. Mwaka huo chemchemi ikakauka, na Bi Nakiete anakohoa damu. Kama si sasa, lini?

Mshika kamera alikuwa Nambike. Naye, jamani, alikuwa mjamzito na hakumwambia mtu, kwa kuwa mimba mbili za kwanza zilikwisha kuharibika. Mwiko wasema mjamzito akiusikia wimbo ule, maji humdai mtoto. Nambike alitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Akisema, kamera atashika nani? Mwenzake Nanzia msimu mzima alirekodi visigino vya watu! Akajifunga khanga vizuri, akaenda.

Bi Nakiete alipoiona kamera alirudi nyuma.

"Wajukuu zangu, aliyekufa akiitwa huja. Sauti yangu ikibaki humo, kila mkiifungua mtaniita. Nitapumzika lini?"

Lakini akaimba. Akaimba, Nambike akaishika kamera kwa mikono miwili. Akaimba, mtoto akaruka tumboni. Akaimba, mara kikohozi kikamkaba, sauti ikakatika. Nambike akajua wamekwisha.

Ndipo Nanzia akadakia, akaimba neno kwa neno mpaka mwisho! Kumbe zamani za usichana wake alijificha maguguni maji yalipokauka, akausikiliza ukiimbwa, akauiba. Na mwizi wa wimbo ule, wasema wazee, koo lake huziba kabla ya mavuno.

Maji yakabubujika. Kijiji kimepona, wimbo umehifadhiwa, lakini pale chemchemini hakuna aliyepiga kigelegele.

Bi Nakiete akateka funda la kwanza kwa kibuyu. Funda hilo humkinga anayelinywa na hasira za chemchemi. Hulinywa mtu mmoja tu, kabla jua halijazama. Wakigawana, halimkingi yeyote.

"Ni langu," akasema Nanzia, mkono shingoni. "Bila mimi sote tungekuwa maiti. Nina watoto watatu nyumbani, nani atawalea?"

"Uliiba, mwanangu, hukutumwa," akasema Bi Nakiete. "Mimi nilitoa kilicho changu. Ninyi mnaogopa kufa. Mimi kufa nimekubali, naogopa kuitwaitwa baada ya kufa, na funda hili litanikinga na hilo."

Nambike akaifungua khanga. Wakaliona tumbo, wakashika vinywa.

"Bibi, mimi sijitetei," akasema huku analia. "Lakini huyu hakuimba, hakuiba, wala hakushika kamera."

"Ungesema!" Nanzia akafoka. "Nani alikuziba mdomo?"

"Ningesema, mngerekodi nini? Visigino?"

Nambike akaweka kiganja tumboni, akangoja. Akabonyeza upande huu, akabonyeza upande ule. Tangu wimbo uishe, mtoto alikuwa hajacheza. Hofu ikamshika hata akakaa chini kwenye tope.

Haya, nanyi mlioketi hapa, msiinamishe vichwa. Jua limekwisha kugusa mlima. Nanzia ameanza kukohoa. Bi Nakiete amekishika kibuyu, kimelala upande, na maji yanamwagika tone kwa tone.

Semeni upesi: funda hilo ni la nani?