Bi Digidigi na Kiapo cha Unga Mkavu

Hapo zamani, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kusengenyana kama sisi, Bi Digidigi alikabidhiwa ufunguo wa ghala la mbegu. Mvua zilipokaribia akafungua ghala, akakuta vikapu viwili vya mtama havipo.

Mji mzima ukamtazama yeye. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

Mzee Nyati, mkuu wa mji, akaitisha kiapo cha unga. Ndivyo walivyokata kesi huko: mshukiwa hutiwa konzi ya unga mkavu mdomoni, autafune na kuumeza bila tone la maji. Akishindwa, ndiye mwizi, naye hufukuzwa ng'ambo ya mto anakokaa Chui. Bi Digidigi alikuwa na mtoto anayenyonya. Tangu asubuhi alikuwa akiwaza tu vile vijiguu vyembamba vya mtoto, vitamkimbiaje Chui.

Wa kwanza kula kiapo akawa Bwana Ngiri, ambaye nyumba yake iliegemea ghala. Akatafuna, gwafu gwafu, akameza, akajilamba.

"Hakuna konzi ya pili?" akauliza. Watu wakacheka.

"Zamu yako, Bi Digidigi," akasema Nyati.

Maskini, ulimi wake ulikuwa umegandamana na kaakaa. Moyo du-du-du-du, tumbo linasokota, makwapa yamelowa jasho. Moyo haukumwomba ruhusa ya kwenda mbio, wala mate hayakumuaga yalipoondoka. Ndivyo mwili ulivyo: ukihisi hatari hujiendesha wenyewe, haukuulizi kama una hatia au huna. Bi Digidigi hakuwa na hatia, ila alizaliwa mwoga. Dalili zile alizijua moja moja kama majina ya shangazi zake.

Akamtazama Ngiri. Wiki iliyopita alikuwa analia njaa kila mlango, na leo kitambi hicho. Amemeza vizuri kwa sababu haogopi, akawaza Bi Digidigi. Basi na aogope.

Lakini atasemaje, na sauti haitoki? Wakati kama huo ni pumzi tu inayomsikiliza mwenye mwili. Akaivuta kidogo, akaitoa polepole, fyuuu, ndefu. Akarudia mara tatu, nne, mpaka moyo ukapunguza mwendo kidogo.

"Mzee Nyati, kabla sijala nina neno. Mbegu ile niliipaka dawa ya kuua dumuzi, wale wadudu walao nafaka. Ni sumu kali. Namhurumia aliyeila."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa na haraka ya kunilisha unga."

Ngiri akajikohoza. "Sumu hiyo... ina dalili gani?"

"Kwanza mdomo hukauka," akasema Bi Digidigi, akihesabu yaliyokuwa yakimpata yeye mwenyewe. "Halafu moyo huenda mbio. Jasho hutoka hata kama hakuna jua. Tumbo likianza kunguruma, hapo tena tunatafuta sanda."

Ngiri akapitisha ulimi midomoni. Ukakwama. Akaweka mkono kifuani, akauondoa, akaurudisha. Kisha tumbo likasema gruuu, na uwanja mzima ukasikia.

"Na kama mtu ameonja kidogo tu?"

"Wewe umeonja?"

"Mimi nauliza tu, dada yangu." Jasho likamchuruzika mpaka kwenye pembe zake. "Dawa ya kuitoa ipo?"

"Ipo. Lakini lazima nijue mgonjwa amekula kiasi gani. Nikikosea kipimo, namuua mimi."

"Kikapu kimoja!" Ngiri akaanguka magoti. "Cha pili kipo chini ya kitanda, pale nilipochimba shimo la kutokea ghalani. Nipe dawa, dada, nakufa."

"Mpe upesi," akasema Nyati, naye keshaingiwa na hofu.

"Kaa chini, Bwana Ngiri. Vuta pumzi. Itoe polepole. Tena." Akamsubiri. "Umepona. Mbegu haikupakwa kitu."

"Lakini moyo umenienda mbio kweli!"

"Hata wangu. Tangu asubuhi."

Mtama ukafukuliwa, na Ngiri akavushwa mto siku ile ile, huku akitazama nyuma. Bi Digidigi akamlaza mtoto mapajani, na mikono bado inamtetemeka. Akauona ule unga wake pale kwenye ungo, hajauonja. Mate yakamjaa mdomoni yenyewe, bila kuitwa. Akachota konzi, akatafuna, akameza.

"Haukutiwa chumvi," akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: mwoga na mwizi hutetemeka sawasawa, basi usimhukumu mtu kwa kukauka mate.