Pimbi Aliyengoja Kuambiwa Amekua

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa vizuri?
Tumekaa!
Basi sogeeni karibu, maana haya ni mambo ya watu, si ya kupayuka.

Palikuwa na Pimbi, kidevu kina mvi, bado analala jikoni kwa mama yake. Wenzake wote walikwisha kukua. Ngiri ameoa. Kicheche ameoa mara mbili, na yule wa pili tunajua alimtoa wapi, lakini hayo tuyaache.

Kwao mtu hakui hivi hivi. Mama hupika chungu cha wali wa nazi, kijana hukipeleka barazani kwa wazee, Mzee Fisi hula, hupangusa mdomo, kisha hutamka: “Amekua,” au “Bado.” Asiyetamkiwa haposi, hajengi.

Pimbi akapeleka chungu. Gwam! Gwam! “Bado.”
Akapeleka cha pili. Gwam! Gwam! “Bado.”
Akapeleka cha kumi na mbili. Gwam! Gwam! “Bado, mwanangu. Na nazi haikukolea.”

“Mama, nitakua lini?”
“Sijui, baba. Kunja miguu nipitishe kuni.”

Cha kumi na tatu Pimbi akapika mwenyewe, akakiunguza kusudi. Ukoko ukashika chini, mnene, mwekundu, unanukia iliki. Na ukoko ni wa watoto. Mkubwa hakombi chungu.

Fisi akamaliza wali. Pua ikamcheza.
“Na huo wa chini?”
“Wa watoto huo, Mzee wangu, utajivunjia heshima. Wazee, karibuni mnawe.”

Wazee kugeuka tu, kwaru! kwaru! kwaru! Kichwa chote cha Fisi kimo chunguni.

“Nani anakomba?” akauliza Kobe, mwenye baraza.
“Mimi!” chungu kikajibu.
“Mtoto huyo! Mtoeni!”

Akatolewa, chungu kichwani. Pimbi akaruka juu.
“Haya, Babu Kobe, nitamkieni!”
“Mwenye kutamka ni Fisi.”
“Si mmemfukuza?”
“Tumemfukuza.”
“Sasa?”

Wazee wakavaa makubadhi yao, wakaenda zao.

Pimbi akarudi jikoni. Nusu ya mkeka wake imelaliwa.
“Mama yako kanipokea,” akasema Fisi. “Kasema watoto tulale pamoja.”

Pimbi akajibanza ukingoni, akatazama masizi ya dari.
“Mzee, kweli nilikuwa sijakua?”
“Wewe? Ulikua tangu chungu cha kwanza. Lakini wali wa mama yako, mwanangu!”

Pimbi akajifunika shuka gubigubi.

Nimesema niliyoyasikia, aliyeona zaidi aje aongeze. Na funzo lake ni hili, wanangu: watiini wakubwa. Wao ndio wanaojua mmekua lini.