Nipe Ile Ngumu

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kuongea, bali zamani ya karibu ambayo walioishuhudia wangali wakipishana njiani, alikuwako mtu wa Tukuyu aliyeitwa Anyosisye. Chuo kikuu alisomea vyuma. Mkewe, Subilaga, alikuwa akimtania kwamba hata akipewa kijiko hukikagua kwanza ndipo ale.

Subilaga alikufa, na kilichomuua ni chuma.

Siku ya kuanua matanga, Sekela, shangazi yake marehemu, aliwaita watu watatu uani: Mbonile, mwenye duka la vipuri; Gwamaka, fundi wa gereji; na Anyosisye, mgane. Akafungua kitambaa mbele yao. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kinachong'aa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Daktari alikitoa shingoni mwa Subilaga.

"Kaburi linasakafiwa leo," alisema. "Mwashi keshakoroga saruji. Kipande hiki hakilali tena nyumbani kwangu. Mwenye kosa akichukue, akae nacho mpaka naye afe. Mkikataa nyote, nakitia kwenye saruji, kiwe cha marehemu mwenyewe. Haya, semeni."

Anyosisye alikitazama kipande, kisha akatazama kilima cha udongo nyuma ya migomba. Mengine yote angeyastahimili. Hilo la mkewe kulala na kosa juu yake, hakulistahimili.

Kilichotokea kila mtu alikijua. Mume na mke walikuwa wakienda Kyela kwenye sherehe ya ubarikio wa mtoto wa dada. Tairi la pikapu likapasuka karibu na gereji ya Gwamaka, na nati zilikuwa zimeshika kutu. Gwamaka alikuwa na mashine moja tu ya upepo ya kufungulia nati, ile kubwa ya malori, na maboksi ya pikapu, vile vikombe vya chuma vinavyovishwa nati, ni madogo. Kati ya mashine kubwa na boksi dogo huingia adapta: upande mmoja tundu pana la kupokea mashine, upande wa pili kichwa chembamba cha kuingia kwenye boksi. Adapta yake ilikuwa imepotea. Akavuka barabara kununua nyingine kwa Mbonile.

Mbonile alitangulia kusema.

"Chuma hiki si changu. Dukani nina adapta za namna mbili. Nyeusi, nene, ni ya mashine. Ya kung'aa ni ya mkono. Gwamaka hakutaja mashine wala mkono. Alisema, 'Nipe ile ngumu.' Na ngumu ni ile ya kung'aa. Ukiikwangua kwa tupa, tupa inateleza. Kaomba ngumu, nimempa ngumu. Mnunuzi ana mdomo."

"Na wa kwako ulikuwa wa kulia ugali tu?" aliuliza Sekela. "Wa kuuliza 'ya kazi gani' hukuwa nao?"

"Shangazi, wateja walikuwa wamejaa mlangoni."

"Gwamaka."

"Chuma hiki si changu. Fundi akisema ngumu, maana yake isiyovunjika. Mbonile anajua, tumekua pamoja. Kweli, nilipofika gereji niliona inang'aa. Nikasema basi, nitafungua kwa mkono, maana kwa mkono hata ya kung'aa inafaa. Nikaenda kutafuta bomba la kurefushia spana."

"Malizia."

"Dada Subilaga akasema, 'Fundi, utatukalisha hapa mpaka watu wamalize pilau? Washa mashine!' Nikawasha. Sitaki kumsema, Shangazi. Yuko chini."

"Umeshamsema. Gereji ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Zamu ikamfikia Anyosisye. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kusoma vipimo kazini.

"Kioo ni kigumu, Shangazi. Kipige nyundo uone. Mashine ile haisokoti nati kama mkono. Huigonga, pigo juu ya pigo. Chuma kigumu mno hakijui kunepa, kwa hiyo hupasuka. Adapta nyeusi haina ugumu ule, na ndiyo sababu inavumilia. Niliiona ile ya kung'aa ikiwa kwenye mashine. Nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Tulipokuwa tunatoka nyumbani aliniambia, 'Mume wangu, leo usimfundishe mtu kazi yake. Kila tukisimama unanitia aibu.' Nikamwahidi. Pale gereji nilifungua mdomo, akanikata jicho. Nikaufunga. Akainama kuokota nati iliyoanguka, na papo hapo adapta ikapasuka, kipande kikamwingia shingoni."

Gwamaka alisimama. "Kumbe ulijua! Msiba wote huu unanipita barabarani hata salamu hutoi, kumbe ulijua!"

"Nilijua."

"Mimi nilidhani labda. Wewe ulijua!"

"Na Mbonile je?" alisema Anyosisye. "Yeye alidhani?"

Mbonile alitazama viatu vyake.

Ndipo Anyosisye aliponyoosha mkono kukichukua kipande. Sekela akakifunika kwa kiganja.

"Toa mkono, mkwe."

"Nimekiri, Shangazi. Nipe."

"Hawa wawili wanakikimbia. Wewe unakitamani. Utakiweka kando ya kitanda, uamke nacho, ulale nacho, na watu waseme tazameni alivyompenda. Adhabu anayoiomba mtu mwenyewe ni kitulizo. Mwanangu hakupata kitulizo."

"Basi usimpe yeye. Usimtwishe na hili. Alikosa nini? Alitaka kuwahi sherehe."

"Alikufunga mdomo. Umesema mwenyewe."

Nyuma ya migomba mwashi akapaza sauti: "Mama, saruji inaganda!"

Sekela alinyanyuka, kitambaa mkononi, akawatazama mmoja mmoja, wala hakupiga hatua.

Nami namwacha hapo hapo, kwa kuwa sijui mkono wake uelekee wapi. Mbonile alilisikia neno moja lenye maana mbili, akashika ile iliyomfaa, akauza bila kuuliza. Gwamaka aliona, akawasha. Anyosisye alijua, akatunza ahadi. Subilaga aliharakisha, na akamkataza mumewe kusema. Ninyi mliokaa mkanisikiliza, semeni upesi, saruji haimngoji mtu: je, nani alistahili kuondoka na kipande kile?