Vyungu vya Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya nusu mdomo? Na wewe uliyenuna pale, unayesema mitumbwi haipigani vita kwa kuwa hujaiona, nyamaza. Hata babu yako hukumwona akizaliwa, na alizaliwa.

Zama hizo za kale palikuwa na kijiji kisiwani, katikati ya ziwa. Watu wa mashariki na watu wa magharibi walipigana majini. Mitumbwi inakutana, mishale vuu, vuu, watu chubwi, chubwi. Wanakisiwa hawakuwa wa huku wala wa kule. Walikuwa wafinyanzi, wakiuza vyungu pande zote mbili. Mtumbwi wao ulifungwa kibuyu cheupe mbele, alama kwamba haukubeba silaha, ukapita katikati ya vita bila kuguswa.

Mfunga vibuyu alikuwa Bibi Nyamizi, mjane mwenye wana wawili, Kasubi na Ndaki. Hakufunga kibuyu kabla ya kuchungulia mtumbwini.

Siku moja akaja mkwe wa Jumbe Lugata, mkuu wa kisiwa; mtu wa magharibi huyo, aliyemwoa binti yake. Alileta vyungu ishirini, midomo imezibwa kwa udongo. Asali, alisema, ya kupelekewa ndugu zake walioko rasini, ng'ambo ya maji ya mashariki. Nyamizi akataka vifunguliwe. Lugata akang'aka: mzigo wa mkwe haufunguliwi, tangu lini mtu akampekua mkwewe? Wazee wakaafiki. Nyamizi akagoma. Lugata akafunga kibuyu mwenyewe.

Wakaenda watu wanne, Kasubi mmojawapo. Adhuhuri watu wa mashariki wakawasimamisha. Chungu kikagongwa, pa! Mishale. Cha pili, pa! Mishale. Cha tatu hawakukigonga. Waliuzamisha mtumbwi na waliomo, wakaapa kuzamisha kila chombo chenye kibuyu cheupe, na habari ikafika kisiwani jioni ile.

Kesho yake mkwe akaja mbio, analia kuliko wafiwa, akisema sasa kisiwa na magharibi ni kitu kimoja, na mitumbwi arobaini iko tayari. Watu wakajaa nyumbani kwa Lugata. Vijana wakagawiwa mikuki. Ndaki akapokea wake.

"Tunakwenda kumlipia mwanao kisasi, Mama Kasubi," Lugata akasema.

"Mwanangu alikuwa amebeba nini?"

Lugata akatazama mkeka.

"Alibeba haya zako. Nenda mashariki ukaseme tulipitisha silaha bila kufungua, uombe radhi. Mimi nimefiwa, na radhi naweza kuiomba. Wewe hujafiwa hata na kuku, unashindwa?"

"Mbele ya mkwe?" Lugata akanong'ona.

Nyamizi akacheka kicheko kikavu.

"Haya. Kwako vita havibishi hodi. Vinaletwa na mkwe, vimezibwa udongo, nawe unavikorogea uji."

Nje ngoma ya vita ilikwisha anza, ndu, ndu, ndu. Akamnyang'anya Ndaki mkuki, akaulaza mapajani mwa yule mkwe. Akamshika mwanawe mkono, akatoka naye, akaufunga mlango.

Basi mzigo unaoona haya kuufungua, usiubebe. Hapo ndipo nilipoikuta hadithi, na hapo naiacha.