Ufunguo Mmoja, Maadui Watatu

Nawaletea kesi, wenzangu. Isikilizeni hadi mwisho kabla hamjaanza kubishana, maana wenyewe nusura washikane mashati.

Katika kiwanda kimoja cha sukari walikuwepo watu watatu wasiosalimiana. Hosiana, mhandisi wa kike, alikuwa na kipaji cha kupambanua: king'ora kipi kinasema kweli na kipi kinapayuka. Ngonyani, mwendeshaji wa chumba cha mitambo, alijaliwa utulivu. Hata jengo litikisike, mkono wake hautetemeki. Mabula, fundi wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, alikuwa mtu asiyeogopa moto.

Chuki yao ilianzia kwenye ving'ora. Zamani vililia kutwa nzima, kwa jambo na kwa upuuzi, mpaka Ngonyani akawa anavizima kama mtu anayefukuza nzi. Msimu wa masika, kiwanda kikiwa kimesimama, Hosiana akavichambua kimoja kimoja. Vya upuuzi akaviondoa, vya hatari akaviacha.

"Umetukata masikio!" Ngonyani alimfokea mbele ya watu, kisha akaenda kumshtaki kwa meneja.

Mabula naye hakumpenda Hosiana, kwa sababu Hosiana alimpa onyo siku alipomkuta ameziba king'ora kwa tambara. Ngonyani pia Mabula hakumpenda: Ngonyani alikuwa amemtuma mara nyingi mno kukimbilia hatari isiyokuwepo.

Basi mchana mmoja, usagaji wa miwa umepamba moto, king'ora kimoja kikalia peke yake: maji ya boila yamepungua. Lakini kipimo kwenye kompyuta kilionyesha maji tele. Na boila ikikauka moto ukiwaka, hupasuka.

"Zima kelele hizo," msimamizi wa zamu akasema. "Huoni kipimo kiko sawa?"

Ngonyani akakitazama kipimo. "Yule mwanamke simpendi," akasema, "lakini king'ora cha kupayuka hakukiacha hata kimoja." Akabonyeza kitufe cha kusimamisha moto.

"Ukisimamisha kiwanda bure, kazi huna!"

"Basi sina."

Moto haukufa. Mlango wa kuingizia makapi ya miwa, ndiyo kuni za boila, tanurini ulikuwa umekwama wazi. Ngonyani akashika redio ya upepo. "Mabula, kaufunge mlango wa makapi kwa mkono!"

"Nenda mwenyewe! Umenidanganya mara ngapi?"

"Nitukane baadaye. Chungulia chini."

Mabula akachungulia. Wafanyakazi wa zamu mpya walikuwa wamepanga foleni chini ya boila, wanataniana, hawana habari. Akaitupa redio, akakimbia. Chuma kilikuwa cha moto. Akakigonga kwa nyundo, hakikusogea. Akakisukuma kwa bega na mikono mpaka kikafunga, na ngozi ya viganja vyake ikabaki pale pale.

Moto ukafa. Boila ilipopoa na kufunguliwa, maji yalikuwa karibu kwisha. Kipimo kilikuwa kimeganda.

Mabula alipotoka hospitali, meneja akawaita wote watatu. "Kiwanda kina nyumba mlimani, haina mtu," akasema. "Ni zawadi ya yule aliyeokoa watu. Ni moja, na haigawanyiki."

"Ni yangu," Hosiana akasema. "Bila mimi, king'ora kile kingelia katikati ya mia, na huyu angekizima kama alivyozoea."

"Wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Kwako, unakula!" Ngonyani akajibu. "Ni mimi niliyekiamini, bosi ananitishia kunifukuza."

"Umekiamini umekaa kitini," Mabula akasema, akiinua mikono iliyofungwa bendeji. "Mimi sikukaa."

"Wewe ulikataa kwanza!"

"Kwa sababu ya uongo wako!"

"Na tambara lako je?" Hosiana akadakia. "Ningekuacha nalo, hata king'ora kisingesikika."

Meneja akachoka. Akauweka ufunguo mezani, akasema, "Amueni wenyewe," akatoka.

Hakuna aliyeugusa, na hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alikuwa akilinda mikono ya wenzake kwa macho.

Haya, wenzangu. Mmoja alikifanya king'ora kiaminike, mmoja akakiamini, mmoja akaungua. Angekosekana yeyote, foleni ile yote ingezikwa. Mimi kesi nimeitua hapa. Je, wewe ungeamua vipi: ufunguo ungempa nani, na wale wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?