Kabati la Droo Nne

"Hodi, wenye masikio."
"Karibu, masikio tumeyafungulia mlango."
"Naingia na mtu mdogo."
"Mwingize, tunamsogezea mkeka."

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Nguchiro alipobisha kwa Ngiri. Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba kama kuni moja. Ngiri alikuwa na nguvu za kung'oa kisiki na tamaa isiyoshiba. Mafuriko yalipowakimbiza majirani, alizoa vitu vyao vyote akavirundika chumbani kwa mwanawe Kibutu, ambaye bado alikuwa anatambaa.

Nguchiro alivitaka vitu hivyo. Alijua Ngiri haachii kitu. Alijua pia kwamba anampenda sana mtoto wake, basi akaingilia hapo hapo.

"Shemeji, nimekuja kukikagua chumba cha mtoto."

"Kina nini?"

"Ngoja nikione anavyokiona yeye."

Akalala kifudifudi, akatambaa pembe hadi pembe, chwe chwe chwe. Akainuka na kikopo cha shanga.

"Hizi zinaingia kooni. Mzazi mwenye akili humlaza mtoto na kitu hiki?"

Ngiri akatazama. Akakuna pua. Akasema, "Kitoe."

Nguchiro akashika kamba ya pazia iliyoning'inia juu ya kitanda.

"Hii inaingia shingoni. Mzazi mwenye akili humlaza mtoto na kitu hiki?"

Ngiri akatazama. Akakuna pua. Akasema, "Kitoe."

Likabaki kabati la droo nne, la mninga, zito, zuri.

"Droo hizi mtoto atazifanya ngazi. Akifika ya tatu, kabati linamwangukia. Mzazi mwenye akili humlaza mtoto na kitu hiki?"

Ngiri akatazama. Akakuna pua. Akakuna tena.

"Hilo langu," akasema mwishowe.

"Ni lako. Nitakuwekea mpaka akue."

"Na ukilila?"

"Shemeji, kabati haliliwi."

"Najua. Nilishajaribu." Ngiri akamtazama Kibutu, akashusha pumzi. "Haya. Litoe."

Kwa kuwa Nguchiro hakuliweza, Ngiri mwenyewe alilisukuma mpaka nyumbani kwa Nguchiro, kru, kru, kru, jasho likimtiririka. Chumba pekee chenye nafasi kilikuwa cha Tindi, binti yake Nguchiro. Shanga zikawekwa juu ya kabati.

"Nilifunge ukutani?" Ngiri akauliza. "Kamba si hii hapa?"

Nguchiro aliogopa kwamba mwenye mali akikaa kidogo tu, atabadili mawazo.

"Nenda tu, shemeji. Nitalifunga kesho."

Saa kumi jioni alikuwa jikoni, akicheka peke yake kila alipoikumbuka pua ile ikikunwa. Akasikia droo ikivutwa: kwaa. Ya pili: kwaa. Akaacha kucheka. Akaikimbilia sauti, na kabla hajafika mlangoni, ya tatu: kwaa. Halafu puu.

Alilivuta kabati, halikusogea. Alilisukuma, halikusogea. Akakimbia kwa Ngiri akihema, "Njoo, njoo," na Ngiri akaja bila kuuliza. Akaingiza meno yake marefu chini ya kabati, akaliinua, akalitoa nje ya nyumba.

Tindi alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto wa nyuma ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Walipomaliza kuufunga mguu, Ngiri aliuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, si wewe uliyeniambia?"

"Ni mimi."

"Ulisema ya tatu."

"Nilisema."

Ngiri akainuka, akaenda zake. Nguchiro alitamani angalau atukanwe. Yote aliyoyasema asubuhi ile yalikuwa kweli tupu, lakini aliyasema kama uongo, ndiyo maana yeye mwenyewe hakuyasikia.

Asubuhi ya Jumatano, saa kumi na mbili na robo, Tindi akiwa bado amelala, Nguchiro aliingia chumbani humo. Akalala kifudifudi. Akatambaa pembe hadi pembe, chwe, chwe, chwe, polepole, bila mtu wa kumtazama. Chini ya kitanda akazikuta shanga zilizomwagika. Akaziokota moja moja. Akarudi tena kuanzia pembe ya kwanza.

Fundisho, wanangu: ushauri mzuri wapeni majirani wote, msibakize hata kidogo nyumbani.

"Hodi yangu naichukua, mlango naurudishia."
"Urudishie taratibu, mtoto asibanwe kidole."